Paka, Chui, Mtu: Historia ya Safu Moja ya Rejista

Mtoto aliletwa saa moja asubuhi, mkono wake umefungwa kwa kipande cha kikwembe. Alikuwa na miaka 4. Nilipofungua kitambaa nikaona mistari 3 iliyoshuka kutoka kiwikoni hadi karibu na kifundo: miwili ya juujuu, mmoja umetoa damu na damu imeganda. Mama yake alikuwa hata hajakaa kwenye benchi. "Munganga," akaniambia, "uandike vizuri. Aliyemkwaruza huyu si paka."

Mimi si munganga, yaani daktari, ni muuguzi. Nimefanya kazi miaka 31 katika vituo vya afya vya huku Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia mto Kongo, na sasa nimestaafu. Lakini kwetu kila anayeshika sindano ni munganga, na kila anayeshika biki mbele ya rejista ni nusu hakimu. Yule mama hakuja kutafuta dawa tu. Alikuja na hukumu yake tayari, akataka mimi niipige muhuri.

Sikumjibu. Nilimkalisha mtoto juu ya meza, nikautia mkono wake kwenye beseni, nikauosha kwa maji na sabuni dakika 15 nikitazama saa. Ndivyo inavyotakiwa kwa jeraha la mnyama yeyote anayeweza kubeba kichaa cha mbwa, na paka ni mmoja wao. Dakika 15 ni nyingi kwa mtoto anayelia. Zilimtosha mama kunieleza yote: kwamba paka ni wa bibi mmoja jirani, mjane, anayeishi peke yake nyuma ya migomba, kwamba paka huyo hupita juu ya paa usiku, kwamba mtoto huyu ni wa pili kupatwa na jambo katika nyumba yao mwaka ule. "Yule koko ana mambo," alisema, sauti ameishusha. Koko kwetu ni bibi.

Kisha nikafungua rejista, nikajaza safu moja moja, na nilipofika kwenye ya 9 biki ikasimama.

Tangu nistaafu nimekuwa nikiifuata safu hiyo kinyume cha mkondo, kijiji kwa kijiji, nione ilianzia wapi.

*

Rejista yetu ilikuwa daftari kubwa la jalada gumu. Zile zilizochapishwa zilipokwisha tulinunua daftari sokoni, tukalipiga mistari kwa rula: namba, tarehe, jina, umri, anatoka wapi, analalamikia nini, ana ugonjwa gani, kapewa nini. Safu hizo 8 zilitoka juu. Ya 9 niliiongeza mwenyewe, nikaipa jina "sababu", kwa kuwa nilichoka kuandika "jeraha la mkono" halafu mwezi ukiisha nisikumbuke kama lilikuwa la panga, la mamba au la mume.

Kanevasi haikuihitaji safu hiyo. Kanevasi ni fomu ya mwezi tunayopeleka ofisi kuu ya zoni ya afya, nayo inataka hesabu: malaria wangapi, kuhara wangapi, waliojifungua wangapi. Mkwaruzo wa paka unaingia mstari wa majeraha, pamoja na kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni. Paka anaondoka kwangu akiwa paka. Akifika Kisangani amekuwa 1.

Mwaka fulani nilipelekwa Kisangani kwa mafunzo ya siku chache. Mwalimu alituwekea mezani kitabu cha uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, toleo la 10, kile tunachokiita CIM-10 kwa kifupi cha Kifaransa. Wenzangu wakatafuta malaria. Mimi nilitafuta mto wangu, nikaukuta. W14 ni kuanguka kutoka mtini: nikamwona mkata mawese na kamba yake kiunoni. X20 ni nyoka wa sumu. W58 ni mamba. V90 ni chombo cha majini kilichopata ajali na watu wakazama: nikaziona baleniere, boti zetu za mbao, zinazojazwa magunia na abiria mpaka ukingo unabaki shubiri moja juu ya maji. Mbwa ana namba yake, W54. Panya ana yake, W53. Paka hana. Paka amewekwa W55, "kuumwa au kugongwa na mamalia wengine", chumba kimoja na kiboko, nguruwe, nyani na chui.

Safu niliyoichora kwa rula ilikuwa sura nzima ya kitabu kile, sura ya 20. Na nikaona jinsi kilivyojengwa. Sura ya 19 inauliza mwili umepatwa na nini. Ya 20 inauliza kitu gani kimeutenda hivyo. Jeraha wazi la mkono, chini ya kiwiko, ni S51. Kilicholileta ni W55. Jeraha moja, maswali mawili, misimbo miwili.

Wazee wa mto huu nao hawajawahi kuuliza swali moja tu juu ya jeraha. Wanauliza ni nini kilichomkwaruza, halafu wanauliza kwa nini yeye, kwa nini jana, kwa nini mkono ule. Azande, walio pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Sudan Kusini, walimweleza jambo hili Mwingereza Evans-Pritchard, naye akalichapisha mwaka 1937. Ghala likiwaangukia watu waliopumzika kivulini, Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Anachotaka kujua ni kwa nini lilianguka saa ile, wakati watu wale wako chini yake. Uchawi wanauita mkuki wa pili: mchwa wamechoma kwanza, mwingine akamalizia. CIM inaukubali mkuki wa kwanza tu. Yule mama alikuwa ameketi mbele yangu akinidai wa pili.

*

Mpangilio wa CIM ulitoka Paris. Jacques Bertillon alikuwa mkuu wa takwimu wa jiji hilo, na mwaka 1893, katika mkutano wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu uliofanyika Chicago, orodha yake ya sababu za vifo ilikubaliwa kuwa ya kutumiwa na mataifa. Mwaka 1900 mkutano wa kwanza wa kuirekebisha ulifanyika Paris, orodha ikatoka na mafungu 179. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani likaipokea, ikawa toleo la 6, na hapo ndipo magonjwa na majeraha ya walio hai yalipoingia pamoja na vifo. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990. La 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022.

Jacques alikuwa na mdogo wake, Alphonse. Huyu alikuwa mtu wa polisi wa Paris: alipima vichwa, masikio na vidole vya waliokamatwa ili mhalifu akirudi atambulike hata akibadili jina. Mkubwa anapanga vifo, mdogo anapanga watuhumiwa. Paris kila mmoja alikuwa na ofisi yake. Huku kwetu, kama nitakavyosimulia, ofisi hizo mbili zilikaa kwenye meza moja.

Mwaka huohuo wa 1893 Basoko haikuwa mji wa takwimu. Ilikuwa kambi ya vita ya Dola Huru la Kongo, iliyojengwa mwaka 1889 ili kuwazuia watu wa Tippu Tip wasishuke zaidi na mto. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alikuwa amefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwa kimetia nanga huko kwenye maporomoko. Mapema mwaka 1893 kamanda Chaltin alitoka Basoko na askari wake, akapanda mto Lomami, na Mei akafika Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Ukuta uliojengwa dhidi ya Waswahili ulisimama hapa. Mpaka leo Kilingala ndicho kinachotawala Basoko. Kiswahili changu ni cha baba yangu, aliyeshuka na mto kutoka Kisangani kutafuta kazi.

Waliokufa katika vita vile hawakupata msimbo. CIM-10 ina Y36 kwa vita, lakini hakuna aliyekuwa akiandika. Tazama vifo viwili vya Basoko. Tarehe 1 Februari 1877 msafiri Stanley alipita mdomo wa Aruwimi akishuka na mto, na wenyeji wakamtokea kwa mitumbwi. Alihesabu mitumbwi 54, akataja hata makasia ya ule mkubwa kuliko yote. Watu wa Basoko waliopigwa risasi ndani yake hakuwaandika mmoja mmoja. Tarehe 1 Julai 1906 mmisionari George Grenfell, Mwingereza aliyekuwa amechora ramani ya mto huu, alikufa papa hapa Basoko. Kifo chake kina jina, siku na sababu: homa ya mkojo mweusi. Miaka 29 baina yao, ukingo uleule. Rejista huanza na anayeonekana kuwa ni mtu wa kuandikwa.

*

Karatasi zilipofika kwa mtu mweusi, zilikuja kumshika shingo, na hapa sisemi kwa mafumbo. Malale ilikuwa inamaliza vijiji. Dutton na Todd, madaktari waliotumwa na shule ya tiba ya Liverpool kati ya 1903 na 1905, walisisitiza kwamba ugonjwa huo unaweza kutafutwa kwa vidole: bonyeza tezi za shingoni, zikiwa zimevimba mshuku mtu huyo. Dutton mwenyewe alikufa Kasongo Februari 1905. Baadaye msafiri wa mto Kongo alitakiwa awe na pasipoti ya kitabibu kuonyesha kwamba amepimwa. Mwili ukawa na karatasi yake, na asiye nayo hapandi boti.

Yakusu, kilomita chache chini ya Kisangani, kulikuwa na misheni ya Wabaptisti wa Kiingereza. Daktari Clement Chesterman alifika hapo mwaka 1920, akatumia dawa mpya ya tryparsamide dhidi ya malale, na akafanya jambo ambalo sisi wauguzi wa mkoa huu wa Tshopo tunaishi ndani yake mpaka leo: aliwafundisha vijana wa huku kupima, kuchoma sindano na kuandika, akawatawanya kwenye zahanati za vijijini. Hao ndio mababu zangu wa kazi. Nikichora safu kwa rula, rula ile ilitoka kwao.

Lakini mkono unaotafuta kitu kimoja hauulizi habari ya kingine. Mwaka 1950 daktari wa Paris, Robert Debré, alieleza ugonjwa unaofuata mkwaruzo wa paka: kidonda kidogo kinapona, halafu baada ya wiki kadhaa tezi za kwapani au shingoni zinavimba na homa inaweza kuja. Bakteria wake, Bartonella henselae, alitambuliwa miaka ya 1990. Viroboto humhamisha kutoka paka hadi paka, na paka wachanga ndio wanaombeba zaidi. Mara nyingi ugonjwa huo hupona wenyewe. Katika CIM-10 una namba yake, A28.1, kwa hiyo huyo paka asiye na chumba katika sura ya 20 ana kitanda katika sura ya 1. Nilipousoma kwa mara ya kwanza niliwafikiria watu wa foleni za zamani, shingo zimeinuliwa, vidole vya daktari vinatafuta malale. Hakuna safu iliyowauliza kama nyumbani kuna paka.

*

Sasa nimfikie mkubwa wa ukoo wa paka. Kilingala kinamwita nkoi, Kiswahili kinamwita chui.

Ukipanda Aruwimi kutoka kwetu, ukaupita mji wa Banalia, unaingia nchi ya Wabali, kati ya mto huu na Lindi. Kutoka huko, tangu mwisho wa karne ya 19, zilikuja habari za anioto, watu-chui. Mtu anakutwa amekufa njiani au shambani, mwili una mistari ya makucha. Wengine walisema ni chui. Wengine walisema ni watu waliovaa gome la mti lililopakwa madoa, makucha ya chuma mkononi, na fimbo iliyochongwa nyayo ya chui ili kuacha alama kwenye udongo. Msitu huu una chui wa kweli, na chui wa kweli huua watu. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuua na kujificha alikuwa na mnyama wa kumbebesha.

Fikiria uko kwenye kiti cha msimamizi wa serikali ya Wabelgiji, au cha muuguzi aliyeitwa kutazama maiti. Mistari minne shingoni. Ukiandika "chui", watu watatega mitego, watazika, mambo yataisha. Na kama alikuwa mtu, muuaji atalala vizuri na kesho atarudi. Ukiandika "mtu", askari watakuja kijijini, chifu atafungwa, vijana watapigwa mpaka wakiri, na mwisho kuna kamba. Katika miaka ya 1930, upande wa Beni, watu walioshtakiwa kwa anioto walihukumiwa kifo. Safu ya sababu iliwafikisha kwenye mti wa kunyongea.

Na kulikuwa na jibu la tatu ambalo karatasi haikuwa na mahali pa kuliweka. Wengi waliokuwa wakiulizwa hawakuona tofauti kubwa kati ya chui na mtu. Kuna chui anayetumwa. Kuna mtu ambaye akiwa usingizini mwenzake ni chui. Kwao swali "ni mnyama au ni mtu?" lilikuwa kama kuuliza barua iliandikwa na kalamu au na mwandishi. Ofisi ya Jacques Bertillon ilitaka kalamu. Ofisi ya Alphonse ilitaka mwandishi. Na mashahidi walizungumzia vyote kwa neno moja.

Wabelgiji walichagua upesi. Mwaka 1913 mchongaji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu-chui akimwinamia mtu aliyelala, ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Hergé akaichukua sura hiyo kwa kitabu chake cha vibonzo cha Tintin nchini Kongo, na watoto wa Ulaya wakakua nayo. Kwa Mbelgiji aliyepita pale na wanawe, suala la mistari ya shingoni lilikuwa limekwisha: mtu, mwitu, Mkongo. Mwaka 2002 mchoraji wetu Chéri Samba alichora Waafrika wakiivuta sanamu hiyo kwa kamba nje ya jumba na wafanyakazi wa jumba wakiizuia isitoke. Makumbusho yalipofunguliwa upya Desemba 2018, sanamu ilikuwa imeshatolewa kwenye maonyesho ya kawaida na kuwekwa chumba cha sanamu zilizostaafishwa, pamoja na mchoro wa Samba.

Watafiti wa siku hizi, kama Vicky Van Bockhaven wa Ubelgiji, wamerudi kwenye faili za zamani na kuzisoma polepole. Wanachokiona ni siasa ya vijiji: machifu wanaogombea watu na ardhi, serikali inayompandisha mmoja na kumshusha mwingine, na mauaji yanayotumika kumtisha mpinzani au anayeelekea sana kwa Wazungu. Anioto hakuwa wazimu wa msituni. Alikuwa na sababu zake, na sababu hizo ndizo safu ilizoshindwa kuzimeza.

Msomaji wa Tanzania ana mfano wake karibu. Miaka ya 1940 Singida kulikuwa na mauaji yaliyosemwa ni ya simba, na mahakama ikaamua ni watu-simba. Baadhi yao walinyongwa. Katika miaka hiyohiyo, huko Njombe, simba walikuwa wakila watu, na wenyeji wengi walisema simba wale wametumwa. George Rushby wa idara ya wanyamapori akawawinda akawapiga risasi, na walikuwa simba wa damu na manyoya. Nchi moja, muongo mmoja, makucha yaleyale: Singida ni shambulio, Njombe ni W55. Aliyetazama jeraha peke yake asingeweza kujua.

Ndiyo maana mafunzoni Kisangani nilifunua kurasa mpaka nikapata mistari mitatu, nikaiandika kwenye kiganja. W55, mnyama. X99, kushambuliwa kwa kitu chenye makali. Y28, kuumizwa kwa kitu chenye makali, nia haijabainika. Huyo Y28 nilimtazama sana. Kumbe kitabu chenyewe, pamoja na namba zake zote, kina mahali pa kusema: hatujajua bado. Kingekuwa mezani pa hakimu wa Beni na hakimu akakitumia, kamba ingesubiri.

Wamarekani wamekwenda upande mwingine. Toleo lao, lililoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015, limempa paka nyumba nzima: W55.01 ameuma, W55.03 amekwaruza, na herufi ya mwisho inasema kama umekuja mara ya kwanza, umerudi, au unatibiwa madhara yaliyobaki. Kule msimbo wa ugonjwa unasafiri na madai ya bima, na mwenye kulipa anapenda undani. Mwaka huohuo wa 2015 sisi tulipewa mkoa mpya, Tshopo, na kanevasi ileile. Sikuona wivu. Herufi zote zile haziwezi kumjibu mama mmoja anayekuambia si paka.

*

Nirudi kwake. Biki imesimama, mtoto amenyamaza, mama ananitazama mkono.

Niliandika: "Mkwaruzo wa paka wa jirani. Paka anachunguzwa." Nikamwambia mama kwamba kuna kanuni ya siku 10. Paka au mbwa aliyekwaruza au kuuma anafungwa na kutazamwa. Kama alikuwa na kichaa siku ile, hatamaliza siku 10 akiwa mzima. Nikaandika barua hospitalini kuomba chanjo, ili tusiache mtoto asubiri. Dozi ya kwanza ilifika siku ya 3. Halafu nikaenda kwa kapita, mkuu wa kijiji, na pamoja naye tukaenda nyuma ya migomba.

Koko alikuwa anamenya ndizi za lituma, zile za kupondwa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mnataka kumwua," akasema. Kapita akamwambia, "Koko, tunataka aishi." Ilikuwa kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Paka akifa, mjane yule angekuwa na kesi mbili: ya kichaa, ambayo mimi ningeishughulikia, na ile nyingine ambayo hakuna dawa yake kwenye kabati langu. Nimewaona wazee waliofukuzwa kijijini kwa ushahidi mdogo kuliko makucha matatu.

Tulimweka paka chini ya tenga kubwa uani kwa kapita, jiwe juu, mahali kila mpita njia anaona. Siku ya kwanza watu walipita mbali. Siku ya 4 watoto walikuwa wanampelekea vichwa vya samaki. Siku ya 7 mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba paka huyu anakula kuliko wakwe zake, na kijiji kikacheka, na nikajua jambo limeanza kulainika. Mchawi huogopwa, hachekwi. Siku ya 10 kapita aliliondoa jiwe mbele ya watu. Paka akatoka, akajinyoosha, akaelekea migombani bila haraka.

Nikafungua rejista, nikaongeza katika safu ya 9: "Siku ya 10, paka mzima." Mama wa mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Umeandika paka?" Nikamwambia, "Nimeandika paka." Alitazama karatasi muda mrefu, akasema haya, akamchukua mtoto wake. Sijui kama aliamini. Mistari miwili ya juujuu ilikuwa imekwisha. Ule wa tatu uliacha alama, na Waswahili husema, mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini jina la koko halikutajwa tena kwenye kisima.

Mwisho wa mwezi nilijaza kanevasi. Majeraha: nikaongeza 1.

Siku chache baadaye koko alikuja kituoni, hana ugonjwa. Alitaka nimwandikie kwenye karatasi yale yaliyo katika rejista. Nikamwandikia mstari wote, pamoja na tarehe, nikatia sahihi. Hakujua kusoma. Aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kikwembe chake, pale wanawake wanapofungia pesa.